Dakika Tatu za Dorika

Kiti cha Kefa kilihamishwa Jumatatu asubuhi, kabla mwenyewe hajafika kazini. Alipofungua mlango wa chumba cha kadi alikuta kompyuta juu ya meza yake, na kijana mmoja amekaa kwenye kiti chake, anaunganisha nyaya.

"Shikamoo mzee," kijana alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Hapo ndipo ninapokaa mimi."

"Ndiyo, nimeambiwa. Kuna benchi pale, nimekuwekea dirishani. Mimi naitwa Derick, ndiye fundi wa mtandao."

Kefa alikuwa karani wa kadi kwa miaka ishirini na miwili katika hospitali hiyo ya misheni, iliyojengwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka Kiomboi. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Lilikuwa la wagonjwa. Alikaa.

Katibu wa hospitali, Bwana Sixbert, alikuja saa tatu akiwa na bahasha. Alieleza akiwa amesimama, kama mtu mwenye safari. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta sita na kuziunganisha kwa waya: chumba cha kadi, maabara, dawa, wodi mbili na ofisi yake. Faili za miaka mitatu ya nyuma zilikwisha kuchapwa humo. Sasa kulikuwa na wiki nne za tathmini. Mtandao ukifaulu, utabaki. Ukishindwa, mashine zitafungwa na kupelekwa hospitali nyingine, upande wa Manyoni.

"Wodi ikiomba faili," alisema, "Martina atalitafuta kwenye kompyuta, na Marko atalitafuta rafuni kwa mkono kama siku zote. Wewe, Mzee Kefa, utaandika dakika za kila mmoja. Nimekuchagua kwa sababu mwandiko wako unasomeka na watu wanakuamini."

"Na ukifaulu, Bwana Katibu?" aliuliza Marko, karani mwenzake, kutoka nyuma ya rafu.

Bwana Sixbert alikunja bahasha. "Nyakati zimebadilika, ndugu zangu. Fedha za kutoka Ulaya hazipo tena kama zamani. Kila hospitali inatakiwa ijiendeshe. Ukifaulu, chumba hiki kitahitaji karani mmoja."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Martina alikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kompyuta kutoka Singida mjini. Aliinamisha kichwa akajifanya anapangusa vumbi kwenye kioo cha mashine.

Kefa alipewa fomu na saa ndogo ya kuning'iniza shingoni, kama ya mwalimu wa michezo. Wagonjwa waliokuja dirishani siku ile walimtazama na saa yake, na mama mmoja akamuuliza kama siku hizi hospitali inashindanisha watu mbio.

Nyumbani, mkewe Evodia alicheka aliposimuliwa habari ya mama yule. Kisha akaona kwamba mumewe hacheki, akaacha.

Evodia alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, hospitali hiyohiyo. Wodi yake ilikuwa juu kabisa kileleni, maabara na chumba cha kadi vikiwa chini getini. Kila faili lililotakiwa, kila jibu la damu, alilishukia yeye na kupanda nalo. Magoti yake yalikwisha kuharibika. Jioni aliyakanda kwa maji ya moto yaliyotiwa chumvi, na asubuhi alitangulia kutoka nyumbani nusu saa kabla ya mumewe, kwa sababu hakutaka watu wa njiani wamwone mume akimsubiri mke anayechechemea.

"Leo sijashuka hata mara moja," alisema, miguu ikiwa kwenye beseni. "Sista alibonyeza, faili likaja. Nilikuwa nasimama tu kama mgeni. Na sisi tumepewa fomu. Naandika mimi: tumeomba saa ngapi, limefika saa ngapi."

"Vizuri," alisema Kefa.

"Mara kumi na mbili kwa siku, Baba Rahel. Niliwahi kuhesabu. Mara kumi na mbili nashuka."

"Nimesema vizuri."

Evodia alisogeza miguu ndani ya beseni. Naye alikwisha kusikia habari ya karani mmoja. Wodini hakuna kinachofichika. Rahel, binti yao, alikuwa kidato cha tatu, bweni, Kiomboi. Mshahara wa mhudumu ulitosha unga na mafuta ya taa. Yaliyobaki yote yalitoka chumba cha kadi. Kila mmoja alilijua hilo na kila mmoja alimwachia mwenzake alitaje kwanza.

Wiki ya kwanza mtandao ulikatika mara tatu, na Marko akawa anatembea kati ya rafu huku anapiga mluzi. Wiki ya pili Derick alibadilisha waya mmoja uliotafunwa na panya, na tangu hapo mambo yakageuka. Martina alipata faili kwa dakika mbili, tatu, nne. Marko alikimbia, akapanda ngazi, akavuta majalada mpaka vumbi likamtoa machozi, akaleta faili kwa dakika kumi na tano, ishirini, siku nyingine hakulipata kabisa. Kefa aliandika yote. Aliandika kwa haki, na jioni alihesabu wiki zilizobaki.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Martina alipotoka kwenda kunywa chai, Marko alikuja kukaa naye benchini.

"Kefa, mimi nina watoto sita."

"Najua."

"Wewe ndiye mwenye kalamu." Marko alisema polepole, akitazama mlango. "Sisemi uvunje mashine. Nasema tatu inaweza kuwa ishirini. Kalamu ni yako, saa iko shingoni kwako. Nani atakuuliza?"

Kefa alirudisha macho kwenye fomu. Lakini alasiri ile, faili la mzee mmoja wa tezi lilipopatikana kwa dakika nne, mkono wake uliandika kumi na nne. Ilikuwa kuongeza kijistari kimoja tu mbele ya nne. Ijumaa aliongeza vingine. Jumamosi aliona kwamba hahitaji hata kutazama saa. Jumatatu ya wiki ya nne wodi ya wazazi iliomba faili la mwanamke aitwaye Dorika, kutoka upande wa Nduguti. Martina akalituma kwa dakika tatu, na Kefa akaandika ishirini na moja. Jumanne aliacha. Hakuamua kuacha, aliamka tu akaona hawezi. Lakini yale ya siku nne hakuyafuta.

Jumapili baada ya ibada alikaa mezani kunakili fomu zake kwa mwandiko safi, maana zilitakiwa asubuhi. Evodia alikuwa sakafuni kwenye mkeka, anachambua mlenda. Aliinuka kuchukua ungo, na alipopita nyuma ya mumewe macho yake yaliangukia kwenye karatasi. Alisoma shule mpaka darasa la saba na alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari kwa mbali.

"Huyu Dorika ni wangu," alisema.

"Dorika yupi?"

"Huyu wa Jumatatu. Aliletwa na lori la alizeti, uchungu umeshika. Faili lake lilikuja mara moja, daktari akasoma kwamba uzazi uliopita alivuja damu nyingi, akaagiza damu iandaliwe kabla hata mtoto hajatoka. Na kweli alivuja. Mwanamke alikuwa mweupe kama karatasi hii." Aliweka kidole juu ya namba. "Umeandika ishirini na moja."

Kefa aliendelea kushika kalamu bila kuandika.

"Mimi nimeandika tatu," Evodia alisema.

"Unaweza kuwa ulikosea."

"Baba Rahel."

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti, akarudi kukaa kwenye mkeka. Nje jirani alikuwa anaita kuku. Kefa alifunika kalamu.

"Siku nne tu," alisema hatimaye. "Nimefanya siku nne. Nina miaka arobaini na tisa. Wakinitoa pale, nani atanichukua? Nitatoa wapi ada ya yule mtoto? Unajua wewe kuwa hakuna pensheni, kuna mkono wa kwaheri na barua ya kushukuru."

"Najua."

"Basi badilisha ya kwako. Jina moja tu hilo, na mengine matano au sita ya wodi yako. Weka ishirini. Fomu iko kwako, hujaikabidhi."

Evodia alichambua majani kwa muda mrefu. Alipoongea, aliongea Kinyiramba, kama alivyofanya kila jambo lilipokuwa zito. Alisema kwamba angekuwa ni yeye peke yake, magoti yake peke yake, angebadilisha. Angepanda kile kilima mpaka azeeke na asingemwambia mtu. Lakini Jumatatu ile yeye ndiye aliyemshika Dorika mkono, na kama wangesubiri ashuke na apande, angekuwa amemshika maiti.

Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi sitakusema. Wewe ni mume wangu. Lakini fomu yangu siigusi."

Walikula mlenda na ugali wa mtama. Baadaye Kefa alimwekea maji ya magoti, akayapeleka mwenyewe mpaka miguuni pake. Evodia akasema asante. Asubuhi Kefa alipeleka fomu zake kama alivyozinakili.

Jumatano Derick aliweka fomu za chumba cha kadi na fomu za wodi sambamba juu ya meza ya katibu, mgonjwa kwa mgonjwa. Za wodi ya wanaume ziliandikwa kwa kukisia, hazikusomeka. Ya wodi ya wazazi iliandikwa vizuri, na ndiyo iliyopishana na ya Kefa. Mahali saba. Tatu na ishirini na moja. Mbili na kumi na mbili.

Bwana Sixbert hakuwaza sana. Upande mmoja kulikuwa na karani wa miaka ishirini na miwili mwenye mwandiko kama uliochapwa. Upande wa pili kulikuwa na mhudumu anayepiga deki.

"Hawa wahudumu saa hawaijui vizuri," alimwambia Derick. "Twende tukahakikishe."

Walipanda mpaka wodi ya wazazi saa nne za asubuhi, wakati wageni wamejaa veranda. Katibu alimwita Evodia kutoka chooni alikokuwa anaosha mabeseni. Alikuja akijifuta mikono kwenye gauni la kazi.

"Mama, hatuna maneno mabaya," Bwana Sixbert alisema. "Tunataka tu kujua. Ile saa ya ukutani, inasema saa ngapi?"

Manesi wawili waligeuka. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha kitandani huku anakula aliacha kutafuna. Evodia aliitazama saa, kisha akamtazama katibu, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ameulizwa alichosikia.

"Saa nne na dakika kumi na saba."

"Na mshale mrefu ukifika pale kwenye nane?"

"Saa nne na dakika arobaini."

"Kutoka sasa mpaka hapo ni dakika ngapi?"

Mtu alicheka kwenye veranda. Si kwa ubaya. Ni kicheko cha mtu anayeona mtu mzima akiulizwa maswali ya darasa la kwanza. Evodia alisimama wima, mikono yake yenye sabuni ikining'inia.

"Dakika ishirini na tatu," alisema.

Derick aliinamisha macho. "Bwana Katibu, nadhani inatosha."

"Haitoshi, fomu hazilingani. Mama, labda siku zile uliandika kwa haraka? Sema tu, si kosa kubwa. Tutaondoa fomu yako, tutumie ya chumba cha kadi."

Evodia hakusema kitu. Alikwisha kumwahidi mumewe kwamba hatasema.

Martina ndiye aliyeshuka mbio kuwaambia wa chumba cha kadi. Alikuwa amepeleka karatasi wodini akakuta mambo yanaendelea. "Mzee Kefa, mkeo anapewa mtihani wa saa huko juu! Mbele ya watu wote!" Alidhani ni jambo la kuchekesha, mpaka alipouona uso wake.

Kefa alivua ile saa shingoni, akaishika mkononi, akapanda kilima. Alikuwa hajakipanda kwa miaka. Kazi yake ilikuwa chini, na watu walimfuata yeye. Nusu ya njia alilazimika kusimama, akashika kiuno, akatafuta pumzi. Alitazama juu, wodi bado ilikuwa mbali. Alitazama chini, akaona paa la chumba cha kadi. Akaendelea.

Walimwona akiingia jasho likimtoka, na Bwana Sixbert alifurahi. "Afadhali umekuja. Tusaidie hapa."

"Saa anaijua," Kefa alisema. Alikuwa bado anahema, akarudia. "Mke wangu saa anaijua. Aliyeandika vibaya ni mimi."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Niliongeza. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu. Nilitaka mtandao ushindwe nisipoteze kazi." Aliiweka saa juu ya meza ya manesi. "Dakika zake ndizo za kweli. Zitumieni zile."

Mtoto mmoja alilia, mama yake akamnyamazisha upesi, kama kanisani. Evodia alikuwa anatazama sakafu, na hakuna aliyeweza kujua anawaza nini.

Bwana Sixbert alikuwa amekunja uso kwa aibu zaidi ya hasira, maana yeye ndiye aliyemchagua. "Sasa tutaaminije kurasa zako nyingine zote, Mzee Kefa?"

"Nyingine ni za kweli. Mwaweza kuziona zilivyo. Zote zinaniangusha mimi." Alivuta pumzi. "Na kuna jambo jingine, ambalo fomu yenu haikuwa na mahali pa kuliandika. Mmetupa safu ya dakika. Hamkutupa safu ya waliokosekana. Nimewaandika nyuma ya karatasi, ni watu kumi na tisa. Walikuwa na faili humo ndani na mashine ikasema hawapo."

"Walikosekanaje?" Derick aliuliza. Alikuwa ametoa kalamu.

"Majina. Mtu anakuja leo anasema Mughwai, mwaka jana nesi aliandika Mugwai, mwaka juzi Muhwai. Mwanamke anakuja kwa jina la baba, akirudi anakuja kwa jina la mume. Marko akikosa rafu moja anaenda nyingine, kwa sababu anawajua watu. Mashine ukikosea herufi moja inakwambia hakuna mtu kama huyo. Mliwapima waliopatikana tu, na hao ndio wa haraka."

"Hizo ni sababu za kujitetea," alisema Bwana Sixbert.

"Sijitetei, Bwana Katibu. Nimekwisha sema nilichofanya."

Derick aliitoa ile karatasi kati ya fomu alizokuja nazo katibu, akaigeuza, akaiegemeza ukutani akanakili majina hapohapo, herufi kwa herufi. Evodia akaomba ruhusa akamalizie mabeseni.

Mtandao ulifaulu. Taarifa ilisomwa mbele ya mganga mkuu na wafanyakazi wote, ikawa na aya moja fupi kuhusu majina. Barua za kupunguzwa zilitoka katikati ya Desemba, moja ya Kefa na moja ya Marko. Ya Kefa haikuwa na neno la shukrani. Marko alisikia yaliyosemwa wodini, na tangu siku ile, wakikutana njiani, alipita akitazama ng'ambo. Kefa alimsalimia kila mara. Mara moja alikwenda mpaka nyumbani kwake na debe la alizeti. Mke wa Marko alilipokea mlangoni na hakumkaribisha ndani.

Rahel alirudi shule mwezi wa pili badala ya wa kwanza, baada ya kuuzwa mbuzi watatu. Kefa alilima. Mikono yake, iliyozoea karatasi, ilitoka malengelenge mpaka akawa anakula kwa kijiko. Evodia alimfunga vitambaa bila kumcheka. Habari ya ile siku ya saa hawakuwahi kuizungumza, ila usiku wake Evodia alikuwa amemwambia, "Ulipanda mpaka juu," naye akajibu, "Nilipanda," wakaishia hapo.

Mwezi wa tatu Martina alituma ujumbe kwa Evodia kwamba Mzee Kefa anaitwa chumba cha kadi. Kefa alivaa shati la kanisani akaenda. Hakikuwa kitu cha kuvalia shati. Dirishani kulikuwa na foleni ndefu, na mbele yake mzee mmoja aitwaye Alute, aliyetoka mbali na kibuyu cha asali, aliyeambiwa mara nne kwamba hayupo. Martina alikuwa karibu kulia.

"Shikamoo. Samahani, mzee. Nisaidie huyu mmoja tu."

Kefa alimsalimia yule mzee, akamuuliza ukoo, akamuuliza mara ya mwisho alipokuja alisindikizwa na nani. "Na mwanangu," mzee alijibu. "Basi karani aliandika jina la mwanao kwanza," Kefa alisema. Faili likapatikana. Mgonjwa wa pili akasogea, na wa tatu. Alitoka pale saa tisa, na alikuwa hajala. Martina alimshukuru mpaka getini.

Kesho yake walimwita tena. Siku ya tatu Bwana Sixbert mwenyewe alipita, akamwona amesimama nyuma ya Martina, akasema kwa uchangamfu, "Mzee Kefa, unatusaidia sana. Mungu atakulipa."

Jioni ile Evodia alikuta mumewe ametangulia nyumbani, amekoka moto, na sufuria iko jikoni. Alivua viatu mlangoni.

"Kesho unaenda tena?" aliuliza.

"Naenda. Siku tatu kila wiki, mpaka mwezi wa sita. Tunapitia majina yote, rafu kwa rafu, Martina anayasahihisha kwenye mashine. Kwa kibarua. Wananilipa kila Jumamosi."

Evodia alisimama na kiatu kimoja mkononi. Alimjua katibu. Alijua pia mume wake, mtu aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa kwa wiki nne bila kuuliza kiti chake kiko wapi.

"Ulimwomba Bwana Sixbert?"

"Sikumwomba," Kefa alisema, akasogeza kuni. "Nilimwambia."